SOMO: Kufunga sensa ya mwendo kwenye taa ya nje (soma yote kabla ya kunifuata PM)

Wakuu, wiki hii nimeulizwa jambo hili PM mara sita. Naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena namtupia linki.

Nazungumzia sensa ya kawaida ya ukutani yenye nyaya tatu: kahawia, bluu na nyekundu.

1. Zima main swichi. Siyo swichi ya taa.

2. Ifunge mita 2 hadi 2.5 kutoka chini. Inanasa joto linalokatiza mbele yake, hivyo anayepita ubavuni huonekana upesi kuliko anayeijia uso kwa uso. Usiielekeze barabarani.

3. Tafuta nyutro (waya unaorudisha umeme). Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa nafunga taa ya uani kwa shemeji. Swichi ya sebuleni ilikuwa karibu, nikaifungua: waya mwekundu na mweusi. Mwekundu ukawasha testa, mweusi kimya. Nikajisemea huo ndio nyutro, nikavuta umeme hapo. Jioni taa ya sebuleni inapepesa, sensa inalia tik-tik, shemeji ananitazama tu. Kumbe ule mweusi ndio unaopanda kwenda kwenye balbu! Nyumba zetu nyingi boksi la swichi halina nyutro: laivu (waya unaoleta umeme) inashuka, inakatwa na swichi, inarudi juu. Testa ilinyamaza kwa sababu swichi ilikuwa imezimwa.

Kwa hiyo usiamini rangi. Rudisha main, pima swichi ikiwa imezimwa, iwashe, pima tena (hapo kuna umeme, shika testa tu). Testa ikiwaka safari ya pili, huo si nyutro. Nyutro wa kweli utaupata juu, kwenye silingi rozi (kikombe cha darini taa inapofungwa). Na usiibe nyutro ya soketi: laivu na nyutro vitoke saketi moja, la sivyo kuna siku mtu atazima saketi ya soketi akidhani yuko salama.

Ukimaliza kupima, zima main tena.

4. Kahawia kwa laivu. Bluu kwa nyutro, pamoja na nyutro ya taa. Nyekundu kwenda kwenye taa. Nyekundu ya sensa inatoa umeme, haipokei, hata kama nyumba yako ni ya zamani na nyekundu ndiyo laivu. Ukiiunga na nyutro, sensa ikishtuka tu ni shoti. Tumia konekta, siyo kusokota na tepu.

5. Washa, subiri kama dakika moja itulie. Kitufe cha LUX (kiasi cha giza cha kuiruhusu iwake) weka kwenye alama ya jua, TIME (muda wa taa kukaa imewaka) punguza hadi mwisho, kisha pita mbele. Ikikubali, LUX irudishe kwenye mwezi, iwake usiku tu.

Kibatari: Mkuu yangu haiwaki mchana, ni mbovu?

Namba 5.

Kibatari: Sijaielewa.

Hujaisoma.

Mzee wa Shoti: Lazima kuzima main? Mimi navaa kandambili nashika waya mmoja mmoja.

Kandambili ni za kuendea bafuni. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji).

Mama Genge: Samahani kaka, hiyo sensa inakula uniti za LUKU hata taa ikiwa imezima?

Swali zuri dada. Inakula, ila kidogo sana. Hata tukisema wati 1 usiku na mchana, mwaka mzima ni uniti 8.76. Taa ya wati 20 ikikesha saa 12 inakula uniti 0.24 kwa usiku mmoja, yaani 7.2 kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe.

Mama Genge: Nimekupata. Sasa ya jirani inawaka usiku na hakuna mtu.

Angalia paka, au upepo wa moto wa kompresa ya AC. Mjusi akitembea juu ya lenzi naye anaiwasha. Upande unaosumbua unaweza kuuziba kwa kipande cha tepu.

Mama Genge: Mjusi anafuata wadudu wa taa. Mimi gengeni nilitoa balbu nyeupe nikaweka ya njano, wadudu wamepungua sana.

Hilo la njano sikuwa nalo. Nitalijaribu kwa shemeji, akinifungulia geti.