Namna ya Kulinda Mawazo: Maelekezo kwa Mkristo Aishiye Unguja na Pemba

“Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima,” asema Mithali 4:23. Wengi wetu twaupenda mstari huu, lakini tukiulizwa ulinzi huo hufanywaje, majibu hupungua.

Anza kwa kutofautisha wazo lililokujia na wazo ulilolikaribisha. Waebrania 4:15 yatufundisha kwamba Kristo alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Kwa hiyo kule kupitiwa na wazo baya si dhambi, na Mkristo anayejihukumu kwa kila wazo lipitalo huchoka kabla vita haijaanza. Katika nyumba zetu za Mji Mkongwe, mgeni asiyejulikana huzungumzwa naye barazani, wala haongozwi moja kwa moja hadi chumbani. Wazo nalo lisimamishwe hapo hapo barazani liulizwe limetoka wapi na linataka nini, kwa sababu kulitoa likiwa limekwisha kula na kulala ni kazi kubwa mno.

Ukishalisimamisha, litaje kwa jina lake: huu ni wivu, hii ni tamaa, huu ni uchungu. Evagrius wa Ponto, mtawa aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliyapanga mawazo mabaya katika mafungu manane, akakusanya maneno ya Maandiko ya kujibu kila fungu. Alifuata mfano wa Bwana mwenyewe, ambaye katika Mathayo 4 alimjibu mjaribu mara tatu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Nawe chunguza ni wazo lipi hukushinda mara nyingi, kisha ukariri mstari mmoja wa kulijibu. Mwenye hofu aseme Zaburi 56:3, “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe”. Anayesumbuliwa na kupenda fedha ashike Waebrania 13:5. Mstari mmoja uliozoeleka ulimini wafaa kuliko kumi inayotafutwa wakati jaribu limekwisha kufika.

Kukataa pekee hakutoshi, kwani moyo haukai mtupu. Ndiyo maana Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi orodha ya mambo ya kutafakari (4:8), na la kwanza katika orodha hiyo ni yaliyo ya kweli.

Hapo pa ukweli ndipo, kwa maoni yangu, sisi wa visiwani tunapopaswa kukaa zaidi. Mahubiri juu ya mawazo huzungumzia sana uzinzi, na simu iliyo mkononi usiku kweli yahitaji mpaka: iache sebuleni, usilale nayo. Lakini kwetu, tulio Wakristo wachache kati ya majirani Waislamu, wazo lenye sumu zaidi ni dhana mbaya. Neno moja lililosikika ndani ya daladala, au salamu isiyoitikiwa, laweza kukuzwa moyoni hadi likawa hukumu juu ya mtaa mzima. Jiulize: jambo hili nalijua, au nimelidhania? Kisha fanya lile aliloamuru Bwana katika Mathayo 5:44, umwombee mtu huyo kwa jina lake, na ukumbuke mema yake kwa ukamilifu ule ule unaokumbukia kosa lake, pamoja na sahani ya futari aliyokuletea mwezi wa Ramadhani. Anayefanya kazi katika hoteli za Nungwi au Paje, ambaye Jumapili nyingi humkuta kazini, na aangalie pia manung’uniko anapowahudumia wenye fedha nyingi. Asome zaburi moja kabla ya zamu, hata kama ni fupi.

Jioni, kabla ya kulala, omba kwa Zaburi 139:23-24 na upitie siku yako bila haraka. Lililokushinda liungame. Mkatoliki anacho kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi mbele ya padri, na kila Mkristo ameagizwa na Yakobo 5:16 kuungama na kuombeana. Aliye mbali na kanisa, kama wengi walioajiriwa Pemba, na amchague ndugu mmoja mwaminifu wa kuzungumza naye kwa simu kila wiki.

Yapo pia mawazo ambayo hayatokani na uzembe wa kiroho. Eliya alipoomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Basi mwenye huzuni isiyoondoka, au mawazo ya kujidhuru, asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo wala asiachwe peke yake. Apelekwe kwa daktari, na kwa Unguja ipo hospitali ya afya ya akili Kidongo Chekundu, huku mchungaji na waumini wenzake wakiendelea kumtembelea na kuomba pamoja naye katika muda wote wa matibabu.