Kaneloni ya kuoka nyumbani Mbeya, hata kama huna oveni

Watu wakinipa oda ya kaneloni swali ni lile lile, yale mabomba ya pasta unayapata wapi maana hapa mjini yakiwepo leo wiki ijayo hamna. Siyanunui. Nasukuma mwenyewe na kifimbo cha chapati, na kama chapati zinakutoka vizuri basi nusu ya kazi unaijua tayari.

Kwa asiyeijua, kaneloni ni pasta ya Waitaliano, bomba unalolijaza kitu ndani kisha unaoka na sosi, na jina lake limetokana na neno lao la tete. Jambo ninaloshikilia kuliko yote ni hili: cha ndani kiwe kikavu, sosi ya nje iwe nyepesi. Pasta inakunywa sosi ikiwa motoni, ikikosa cha kunywa inakakamaa, na kama uliweka maji ndani yatashuka yote chini ya trei.

Hatua ya 1, jibini laini. Mi natumia maziwa ya Tukuyu lita 2, yasiyotolewa krimu. Weka kwenye sufuria nzito na chumvi kidogo, koroga yasishike chini, yakianza kutoa mvuke na vipovu pembeni kabla hayajapanda zima moto, mimina juisi ya limao vijiko 4 vya chakula, koroga mara mbili tu taratibu, acha dakika 10. Utaona mabonge meupe yanajitenga na maji ya kijani kijani. Maji yakiwa bado meupe ongeza kijiko kimoja cha limao. Chuja kwa kitambaa, ning'iniza saa mbili. Mi napata kama gramu 300 hivi. Waitaliano wanatumia rikota, ambayo kiasili inatoka kwenye yale maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ila hii yetu inakaa vizuri tu.

Hatua ya 2, spinachi, na hapa naomba usiharakishe. Spinachi nyingi ya sokoni Mwanjelwa ni ile yenye shina pana jeupe, toa shina lote ubaki na jani. Mafungu 3. Chovya kwenye maji yanayochemka dakika moja, hamishia maji ya baridi, kamua kwa mikono, halafu ifunge kwenye kitambaa usokote kama unakamua tui, utashangaa maji ya kijani yanatoka tena wakati ulidhani yamekwisha. Siku moja nilikuwa na haraka nikaruka hiyo ya kitambaa, oda ya bethdei, trei ikatoka na maji ya kina cha kidole, nikarudia yote usiku. Katakata ndogo ndogo, changanya na jibini, yai 1, chumvi, pilipili manga na kungumanga ya kukwangua kidogo sana.

Hatua ya 3, pasta. Hesabu ni gramu 100 za unga wa ngano kwa yai 1, ila mayai ya kienyeji ni madogo kwa hiyo kwenye gramu 300 naweka 4. Hakuna hamira, hakuna maji. Kanda dakika 10 mpaka ukibonyeza kwa kidole unarudi, funika nusu saa. Juni na Julai donge linakuwa gumu kwa baridi, liweke karibu na jiko. Sukuma mpaka ukipitisha mkono chini unaona vidole vyako, kata vipande vya sentimita 10 kwa 12.

Chemsha vipande vichache vichache kwenye maji ya chumvi dakika 2. Ukinunua ya paketi, kumbuka Mbeya tupo juu, kama mita 1,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sio 100, kwa hiyo dakika za kwenye paketi ni za watu wa pwani, ongeza mbili tatu. Toa, tia maji baridi, tandaza kwenye kitambaa kisicho na manyoya.

Sosi nyekundu unaijua: kilo 1 ya nyanya zilizoiva, mi napenda za Ilula, menya, kaanga kitunguu na thomu kwa mafuta ya alizeti, tia nyanya na chumvi, iive nusu saa ila ibaki inamwagika. Sosi nyeupe: siagi gramu 40, unga gramu 40, kaanga dakika 2 bila kubadilika rangi, ongeza maziwa ya moto mililita 600 kidogo kidogo huku unakoroga. Ikitiririka kama uji wa mgonjwa imetosha.

Kupanga: sosi nyekundu chini ya trei, weka mchanganyiko wa spinachi kwenye ukingo wa kila kipande, kunja kama unavyokunja chapati ya mayai, mkunjo uangalie chini, panga zikibanana, mwagia nyekundu iliyobaki, juu nyeupe, mwisho jibini ngumu ya Njombe ya kukwangua gramu 150.

Wa oveni, nyuzi 180, dakika 25 na foili, 15 bila foili. Wa mkaa, chukua sufuria kubwa, chini mchanga mkavu, trei juu yake, mfuniko bapa, makaa machache chini na mengi juu. Usifunue dakika 30 za kwanza. Na jamani, kwa baridi ya huku usiingize jiko ndani ukafunga mlango, hewa ya mkaa inaua na haina harufu, pikia uani.

Ikishakuwa na madoa ya kahawia juu na sosi inatokota pembeni, toa. Acha dakika 15 kabla ya kukata, hata watoto wakilia. Ukiinua bomba kwa kijiko bapa likaja zima bila kumwaga kitu, imekubali. Inatosha watu 5 au 6, ikibaki ipashe kesho yake na maziwa vijiko viwili juu.