Jinsi ya kuitembelea milima ya Uswisi kwa treni bila kuambulia ukungu

Wageni wengi wanaokwenda Uswisi kwa mara ya kwanza huipanga safari kama ratiba ya harusi: Jumatatu Jungfraujoch, Jumanne Matterhorn, Jumatano Luzern, na tiketi zote zimelipiwa mapema. Jumatatu ikifika, milima imejifunika mawingu tangu alfajiri, na mgeni anapanda hadi Jungfraujoch, kituo cha reli kilicho mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, kwenda kutazama weupe mtupu. Nchi yenyewe ni ndogo na treni zake ni za kutegemewa, kwa hiyo siku za milima hazina haja ya kufungwa na tarehe. Chagua kituo kimoja cha kulala karibu na milima, kaa hapo usiku usiopungua minne, kisha uamue kila asubuhi uelekee wapi.

Maandalizi ya karatasi tuyamalize kwanza. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo huombwa si zaidi ya miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Hata hivyo, fedha ya nchi ni faranga na si euro. Kuhusu nauli, iko tiketi ya wageni iitwayo Swiss Travel Pass, inayouzwa kwa siku 3, 4, 6, 8 au 15 mfululizo, nayo inatosha kwa treni za kawaida, mabasi na meli za maziwani. Wengi hudhani inafika hadi kileleni. Kwa Mlima Rigi inafika kweli, lakini kwa Gornergrat, kilele kinachoitazama Matterhorn, inakupunguzia nusu ya nauli, na kwa Jungfraujoch robo tu, tena kuanzia vijiji vya Wengen au Grindelwald kwenda juu. Kwa kuwa sehemu hiyo ya juu ndiyo ghali, usiinunue hadi uione hali ya hewa.

Kwa malazi, ningependekeza Lauterbrunnen kuliko Interlaken. Interlaken ni mji wa kupitia, uliokaa kati ya ziwa Thun na ziwa Brienz, ilhali Lauterbrunnen ni kijiji kilicho chini ya kuta za mawe zilizosimama wima, ambako maporomoko ya Staubbach huanguka karibu mita 300 na maji yake hugeuka manyunyu kabla ya kugusa ardhi. Ukipanda treni kituo cha Interlaken Ost, soma kibao cha behewa kabla ya kuketi, kwa sababu treni hiyo hukatwa vipande viwili katika kituo cha Zweilütschinen: mabehewa mengine huenda Lauterbrunnen na mengine Grindelwald. Aliyekaa behewa lisilo lake hujikuta Grindelwald pamoja na mizigo yake.

Asubuhi, usiihukumu hali ya hewa kwa kuchungulia dirishani. Mara nyingi, hasa majira ya vuli na ya baridi, ukungu hulala bondeni huku vilele vikiota jua juu yake, na siku nyingine huwa kinyume chake. Kampuni za reli za milimani huweka kamera vileleni na kuonyesha picha za moja kwa moja kwenye tovuti zao. Zitazame saa moja asubuhi, na ukiona kilele kiko wazi, ondoka mara moja, kwa maana katika majira ya joto mawingu huelekea kujikusanya mchana.

Reli ya Jungfraujoch ilikamilika mwaka 1912 baada ya miaka 16 ya ujenzi, na sehemu kubwa yake ni handaki lililochimbwa ndani ya milima ya Eiger na Mönch. Treni hupanda kwa gurudumu la meno linaloshika reli ya tatu katikati ya njia. Ukifika juu, utauona mto wa barafu wa Aletsch, mrefu kuliko yote katika milima ya Alpi. Nenda polepole. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hufika Horombo, kwenye mita 3,720, siku ya pili. Wewe utakuwa umekikaribia kimo hicho kwa saa chache tu ukiwa umeketi kitini, na mwili haukupata muda wa kuzoea. Kunywa maji, usikimbie ngazini, na kichwa kikianza kugonga, shuka. Koti zito na miwani ya jua ni vya lazima hata mwezi wa Julai.

Kamera zikionyesha ukungu kila mahali, siku haijapotea. Nenda Trümmelbach, mwendo mfupi kwa basi kutoka Lauterbrunnen, ambako maji ya barafu ya Eiger, Mönch na Jungfrau hupita ndani ya mwamba kwa maporomoko kumi. Hufunguliwa majira yasiyo ya baridi kali, na mvua huyazidishia ngurumo. Wenye siku nzima wanaweza kufika maporomoko ya mto Rhine karibu na Schaffhausen, yenye upana wa mita 150 na kimo cha mita 23, ambayo hayahitaji anga safi.

Matterhorn, wenye mita 4,478, upe usiku wake mwenyewe. Kutoka Spiez, mji ulio kando ya ziwa Thun, treni hukufikisha Visp, na hapo unabadili kwenda Zermatt, mji usioruhusu magari ya petroli. Wenye magari huyaacha Täsch. Asubuhi panda treni ya kwanza ya Gornergrat, ushuke Rotenboden, kisha utembee kama dakika kumi hadi kiziwa cha Riffelsee. Kati ya Julai na Septemba, theluji ikiwa imeyeyuka na upepo haujaamka, mlima mzima huonekana umepinduliwa majini. Usirushe jiwe, na usicheleweshwe na kifungua kinywa cha hotelini: upepo ukianza, kiziwa hukunjamana na ile picha hupotea hadi kesho yake.