Somo: Namna ya kuusoma umri wa baa ya kijiji Uingereza

Baa nyingi za vijijini Uingereza zina kibao chenye mwaka wa kale mlangoni. Kiache kibao, jengo lenyewe linasema. Mfano wetu ni The George Inn, kijiji cha Norton St Philip, Somerset. Ilikuwa mali ya watawa wa monasteri ya Hinton, waliokuwa na biashara ya sufu: wageni walilala humo, na sufu ikahifadhiwa juu. Samuel Pepys, yule mwandishi wa shajara, alipita akala hapo Juni 1668.

Hatua ya 1. Simama ng'ambo ya barabara. Chini ni mawe. Juu kuna ghorofa mbili za fremu ya mbao, kila moja imechomoza mbele kuliko iliyo chini yake, kama mtu anayechungulia barabarani. Hapo ujue kuna ujenzi wa nyakati mbili: jengo lilianza karne ya 14, ghorofa za mbao ni za mwishoni mwa karne ya 15.

Hatua ya 2. Sogea uiguse mbao. Ni mwaloni, na mafundi waliuchonga ungali mbichi kwa sababu ukikauka unagoma patasi. Ndiyo maana nguzo zimepinda: zimekaukia kazini. Hakuna misumari ya chuma kwenye maungio. Ulimi unaingia tunduni, kisha kigingi cha mbao kinapigwa kupita vyote viwili. Katika baa nyingi ukimulika tochi utaona mikato ya patasi, I, II, IIII. Fremu ilichongwa chini, ikapewa namba, ndipo ikasimamishwa. Kati ya nguzo ni fito na udongo wenye nyasi na samadi. Aliyewahi kukandika nyumba kwao haelezwi zaidi.

Hatua ya 3. Omba kupanda darini. Hapa ndipo penye ukweli. Nyumba nyingi za zamani hazikuwa na dohani. Moto uliwaka katikati ya sakafu, moshi ukajitafutia njia paani. Dohani ziliongezwa baadaye, nyingi karne ya 16 na 17. Ukikuta kenchi zina masizi mazito ya kale, paa limeitangulia dohani.

Hatua ya 4. Kaunta. Usiihesabu kama ushahidi wa umri. Zamani bia ililetwa kwa jagi kutoka kwenye mapipa chumba cha nyuma. Joseph Bramah alisajili pampu ya bia mwaka 1797, na kaunta tunazozijua zikaenea baada ya hapo.

Onyo: usikubali saruji. Katika baa moja niliyofanya kazi walikuwa wameipiga plasta ya saruji juu ya fremu. Nilisukuma bisibisi kwenye boriti, ikazama hadi mpinini. Chokaa hutoa unyevu nje. Saruji huufungia ndani ya mbao. Mafundi wa Mji Mkongwe, Unguja, wanaujua msiba huu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Baa moja huku niliambiwa boriti zimetoka kwenye meli ya vita. Kweli?

Marahaba. Hadithi hiyo utaikuta karibu kila kijiji, hata vilivyo mbali na bahari. Inatokana na matundu matupu kwenye boriti. Mara nyingi mbao hizo zilitolewa nyumba nyingine zikatumika tena. Siku nyingine muulize jina la meli.

Ile rangi nyeusi na nyeupe ndiyo ya asili?

Kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni ulioachwa wazi huwa wa kijivu.

Mimi situmii pombe. Naweza kuingia?

Ingia bila wasiwasi ndugu yangu, agiza chai au kahawa. Kaa karibu na meko, utazame boriti iliyo juu yake. Ukiona alama za kuungua zenye umbo la tone, si ajali. Mtu alisimama hapo na mshumaa akazichoma kwa makusudi, na wengi wanaamini zilikuwa kinga dhidi ya moto na uchawi.