Kujuana hutengenezwa: anza ukiwa bado chuoni

Nafanya kazi ya uhasibu katika hoteli moja Kiwengwa, na kila mwaka napokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Wengi wanakuja na neno moja: "Kazi Zanzibar ni kujuana." Kujuana kunasaidia, ni kweli. Lakini kunatengenezwa, na mwaka wa kwanza wa chuo si mapema.

Hatua ya 1: Andika majina 15. Tumia daftari. Mwalimu wako wa skuli, jirani anayefanya kazi bandarini Malindi, waliokutangulia SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar). Mbele ya kila jina andika anafanya kazi gani na mlionana lini mara ya mwisho.

Hatua ya 2: Omba dakika 15, usiombe kazi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ujumbe wa "Mambo, kuna nafasi?" siujibu. Huu niliujibu siku ileile:

"Assalaam aleikum, kaka. Mimi ni mwanafunzi wa uhasibu, mwaka wa pili, Tunguu. Mwalimu wetu wa kodi amenielekeza kwako. Nataka kuelewa hoteli inavyofunga hesabu za mwezi. Naomba dakika 15 siku utakayopata nafasi, nitakuja mwenyewe."

Kuna salamu, yeye ni nani, nani kamuelekeza, na jambo moja tu analolitaka.

Hatua ya 3: Nenda na maswali matatu. Toka mapema, gari za shamba unazijua. Muulize wiki yake ya kazi inakwendaje, waajiriwa wapya wanakwama wapi, na nani mwengine ukazungumze naye. Hilo la mwisho usilisahau: ndilo linalokupa jina la 16.

Hatua ya 4: Rudi na habari. Hii naiweka juu ya zote. Binti mmoja nilimwambia ajizoeze kulinganisha mauzo na taarifa ya benki. Baada ya wiki mbili akanitumia picha: hesabu za duka la shangazi yake Darajani, miezi mitatu, na tofauti kaizungushia kalamu nyekundu. Nafasi ya fildi nilimuombea mimi mwenyewe.

Hatua ya 5: Jitolee. Tamasha la muziki la Sauti za Busara huwa Februari. Ulizia mapema kama wanahitaji wasaidizi. Fungua na akaunti ya LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi, uandike unachokiweza kweli.

Siku ya mwisho ya fildi, zunguka idara zote uage, uchukue namba. Mlinzi wa getini pia. Yeye hujua nani anaacha kazi kabla tangazo halijabandikwa.