Kamera yako ya kwanza ya mirolesi: anza na lenzi, bwatie (kamera yenyewe bila lenzi) itafuata

Miye niko napiga foto za ndoa na batizo hapa Goma, na karibu kila wiki kuna mudogo ananiandikia, "yaya, niko na pesa kidogo, ninunue kamera gani?" Namuuliza kwanza utapiga nini na utapigia wapi, ju ile jibu njo inachagua kamera.

Hatua ya 1: andika fasi tano zenye utapigia foto

Chukua kalamu kabisa. Ukiandika sale ya ndoa, kanisa ya jioni, nyumba yenye iko na balbu moja, basi shida yako kubwa ni mwangaza. Ukiandika chukudu (kile kigari cha mbao cha kusukuma) njiani, soko ya Virunga, ziwa asubuhi, mwangaza unao wa kutosha, shida yako itakuwa vumbi na jua kali. Weka ile karatasi karibu, tutairudilia.

Hatua ya 2: chagua lenzi mbele ya bwatie

Hapa njo watu wengi wanakosea, pesa yote wanaimalizia kwa bwatie kisha wanabaki na lenzi ndogo yenye ilikuja mu karto. Kwa mfano ile ya Sony 16-50 ni f/3.5-5.6 (16 na 50 ni milimita, namba ikiwa kubwa lenzi inavuta karibu zaidi). Hiyo namba ya f inaonyesha upana wa tundu lenye mwangaza unapitia, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na ukizoom mpaka 50 ile lenzi haiwezi kufungua zaidi ya f/5.6. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 inaingiza mwangaza karibu mara 10 ya ile.

Sasa waza bibi arusi anaingia sale, taa zimezimwa, zimebaki zile za rangi zinazunguka. Kwa f/1.8 unaweza piga na spidi ya 1/250 (sehemu ya sekunde yenye kamera inabaki wazi) na ISO 3200 (vile kamera inaongezea mwangaza nguvu, ikipanda sana chembechembe zinaingia). Kwa f/5.6, mwangaza ule ule, itabidi ushuke mpaka karibu 1/25 na kila hatua yake inatoka ukungu, ama upandishe ISO mpaka karibu 32000. Na ngozi yetu nyeusi ikikosa mwangaza njo ya kwanza kujaa chembechembe, ukijaribu kuiinua mu kompyuta inageuka kijivu, mama wa watu anajiona kama mgonjwa mu foto ya ndoa ya mtoto wake. Hiyo inaniuma sana, njo maana narudilia kila siku: lenzi, lenzi, lenzi.

Kwa bwatie ya APS-C (sensa, kile kipande cha ndani chenye kinapokea mwangaza, iko ndogo kuliko ya ful-frem, yenye ukubwa wa filamu ya zamani) miye ningeanza na Sigma 30mm f/1.4. Kwa Sony inaona kama 45mm ya ful-frem, inaenea ndani na inje. Ile ya 50 f/1.8 iko nzuri kwa sura ya mtu lakini kwa APS-C inakuwa kama 75 ama 80, mu nyumba ya mbao kule Majengo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na familia bado haienei.

Hatua ya 3: sasa bwatie

Mirolesi maana yake ile kioo ya ndani ya kamera za zamani imetolewa, unaona foto vile itakuwa mbele ya kubonyeza, na kwa mwanafunzi hiyo ni mwalimu kabisa. Sony a6000 ni ya 2014 lakini iko na megapikseli 24 na mpaka leo inafanya kazi. Ukiweza kufika a6400 ya 2019, fokasi yake (vile inalenga ili kitu kitoke wazi) inashika jicho vizuri zaidi. Kwa Canon kuna R10 ya 2022 na R50 ya 2023, na kama kaka yako alikuachia lenzi za Canon za zamani za EF, nunua adapta ya EF kwenda R, fokasi ya otomatiki inaendelea kufanya kazi, umeokoa pesa mingi. Na M50 utaiona bei ya chini, iko kamera nzuri, ila ile familia ya lenzi zake Canon waliacha kuitengeneza, ujue hivyo mbele ya kulipa.

Kama mu karatasi yako jua ni mingi, chukua yenye iko na kidirisha cha kuchungulia. ZV-E10 haina, na saa sita pembeni ya ziwa ile skrini huoni kitu.

Hatua ya 4: ukinunua okazyo (yenye imeshatumika), ipime mbele ya kutoa dola

Weka f/16, piga foto ya mbingu ama karatasi nyeupe, kisha zoom uangalie pembe zote. Vidoti vyeusi ni vumbi juu ya sensa, inasafishika, lakini mkwaruzo haitoki. Toa lenzi, angalia ndani yake na tochi ya simu: ukiona kama nyuzi za buibui, hiyo ni kuvu, iache.

Hatua ya 5: jifunze kubadilisha lenzi fasi ya vumbi

Huku tunakanyaga mawe ya Nyiragongo, ya 2002 na ya 2021, na ile vumbi nyeusi inakwaruza. Na kamera ya mirolesi ukitoa lenzi sensa iko pale pale uso wazi. Miye siku moja nilibadilisha lenzi pembeni ya barabara ya Sake, motari wakipita, kisha nikapiga batizo mzima na doti moja juu ya kila mbingu, nilikesha siku mbili nikiifuta foto moja moja.

Kwa hiyo: zima kamera, geuka upepo uwe mgongoni, ielekeze mdomo chini, lenzi ingine iwe tayari imelegezwa kifuniko, badilisha haraka. Beba kipulizio cha mpira, usipulize na mdomo ju mate itaingia.

Hatua ya 6: batri na karte

Batri mbili, lazima. a6400 inapimiwa kama foto 400 kwa batri moja, ndoa inapita hapo. Umeme ukikatika, kamera kama a6400 unaichajia kwa pawabanki, lakini R50 inataka ile ya USB-C yenye PD (alama ya kutoa umeme wa nguvu zaidi). Karte za SD mbili za V30 (alama ya spidi ya kuandika, iko juu ya karte).

Hatua ya 7: Jumapili ya kwanza

Mwite mama ama dada, akae pembeni ya dirisha, zima balbu ya ndani ju rangi zake zitachanganyika na za inje. Anza na f/1.8, fokasi iwe kwa jicho lenye liko karibu nawe, kisha shuka f/2.8, kisha f/4, bila yeye kusogea. Linganisha zile foto tatu, angalia masikio na kitambaa cha kichwa, pale zinaanza kuonekana wazi njo utajua f gani utatumia siku ya kupiga foto ya familia nzima.