Namna ya Kumshawishi Mbunge Mbana Matumizi Aunge Mkono Sayansi ya Anga za Juu

Mbunge anayepinga matumizi mapya anastahili kuheshimiwa kabla ya kushawishiwa. Nchini Kenya, tangu Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoondolewa mwezi wa Juni kufuatia maandamano ya vijana, mbunge anayeuliza kila shilingi inakwenda wapi huwa anauliza swali la waliomchagua. Ukimwendea na picha za nyota na maneno ya fahari ya taifa, atakusikiliza kwa adabu na mambo yataishia hapo. Mwendee na hesabu.

Tazama kalenda kwanza. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufikishwa Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, makadirio ya matumizi kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati ya Bunge inayochambua makadirio hayo itafute maoni ya wananchi na kuyazingatia. Waraka wako ukimfikia mbunge mwezi wa Februari, ana muda wa kuusoma na kuuliza maswali. Ukimfikia Juni, umekwisha kuchelewa.

Jambo la pili husahauliwa na wengi, nami naliona kuwa ndilo zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka nyongeza yoyote katika fungu moja iwianishwe na punguzo katika fungu jingine. Anayeomba nyongeza bila kusema ipunguzwe wapi amemwachia mbunge kazi chungu ya kutafuta wa kumnyang'anya. Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Soma basi makadirio ya wizara hiyo, utaje fungu unalodhani linaweza kupunguzwa na ueleze sababu. Usipolipata, omba jambo dogo zaidi: kwamba fedha zilizokwisha kutengwa zisiguswe wakati wa bajeti ya ziada, ile inayorekebisha matumizi katikati ya mwaka wa fedha.

Sasa mpe mfano anaoweza kuupima. Bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka 2010, ambayo serikali iliifuata kwa mpango wake mwaka 2015, hutegemea setilaiti zinazopima ukijani wa malisho. Malisho yakipungua chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa bila mtu yeyote kwenda kuhesabu mizoga, na mpango huo wa serikali ulikusudiwa kumlipa mapema ili anunue lishe ng'ombe wangali hai. Kwa mtu anayechukia upotevu wa fedha, tofauti kati ya kununua lishe mapema na kugawa chakula cha msaada baada ya mifugo kufa haihitaji maelezo marefu. Kama eneo bunge lake ni la wafugaji, anzia hapa.

Hapo atakuuliza swali gumu, nawe uwe umejiandaa: ikiwa takwimu hizo zinatoka kwenye setilaiti za kigeni na hutolewa bure, kwa nini Kenya ilipe? Usilikwepe. Kubali kwamba ni za bure, kisha ueleze kwamba kuzisoma si bure. Kiwango cha ukame cha Wajir hakiwezi kuwekwa na mtu asiyeyajua malisho ya Wajir, na mtaalamu wa kuyasoma hufunzwa kwa miaka mingi. Tena setilaiti zenyewe huzeeka: Terra na Aqua za Marekani, ambazo vipimo vyake vimetumika katika bima hiyo, zilirushwa mwaka 1999 na 2002. Kwa hiyo ombi lako liwe la watu hasa: wanafunzi wa uzamili, maabara na mishahara, kabla ya vyombo. Taifa-1, iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban shilingi milioni 50, ni chombo kidogo kilichoundwa na wahandisi Wakenya kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria. Mwambie hivyo mwenyewe, bila kukikuza, maana akigundua umetia chumvi mahali pamoja hataamini hesabu zako nyingine.

Utafiti usio na faida ya haraka nao usiufiche. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo anga za juu ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu, lakini chombo kilikuwa cha Marekani na roketi ilirushwa na Waitaliano. Linaniuma hilo, nami huwaambia wabunge waziwazi. Hata hivyo, pesa za mlipa kodi haziombwi kwa uchungu, kwa hiyo kwa sehemu hii ya utafiti taja kiasi kidogo chenye ukomo wa miaka na ripoti ya kila mwaka.

Usiondoke bila ombi moja mahususi, kwa mfano kwamba aulize swali moja katika kamati kuhusu fungu hilo. Akikataa, mwombe akuonyeshe tarakimu anayoitilia shaka, uende ukaichunguze, na umrudishie jibu la maandishi kabla ya bajeti ya ziada.